Shaba ya Dola Tano, Kebo ya Dola Mia Tano

Chukua waya wa spika wa mita 10, wenye nyaya mbili pacha za shaba, kila mmoja unene wa milimita za mraba 2.5. Shaba yote iliyomo ni takribani gramu 448, haifiki nusu kilo. Mei 2024 bei ya shaba kwenye soko la metali la London ilivuka dola 10,000 kwa tani, yaani dola 10 kwa kilo. Hata kwa bei hiyo ya juu, shaba ya waya wote huo haigharimu dola 5. Ongeza plastiki ya kuufunika, mshahara wa kiwandani, nauli ya meli na ushuru, bado uko mbali sana na kebo za sinema ya nyumbani zinazouzwa dola 100, dola 500, na nyingine dola elfu kadhaa.

Pengo hilo linastahili kuchunguzwa, kwa sababu fedha inayotumbukia humo ni ya watu waliojinyima wakanunua televisheni nzuri na spika nzuri, kisha wakiwa kaunta, risiti inakaribia kuandikwa, wakaambiwa kwamba bila kebo ya bei hiyo vyote walivyonunua havitaonyesha uwezo wake. Msimamo wangu niuseme mapema. Kebo iliyotengenezwa vizuri ina thamani yake, na mnunuzi asiikwepe kwa ubahili. Lakini kebo hiyo huwa ya bei ya wastani. Kinachoongezwa juu yake, mara nyingi, ni faida ambayo duka limeikosa kwenye televisheni.

Shaba hiyo si ngeni kwetu. Malori yanayotoka Kolwezi na Lubumbashi huipitisha Tunduma kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na ile ya Zambia imekuwa ikisafiri kwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, tangu miaka ya 1970. Mwaka 2023 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliipita Peru na kushika nafasi ya pili duniani kwa uzalishaji wa shaba, nyuma ya Chile. Sehemu kubwa ya shaba hiyo huenda China, na baada ya muda hurudi bandari ileile ndani ya makontena, ikiwa imeshakuwa waya, plagi na kebo. Kampuni ya mgodi huuza kwa bei ya soko la dunia. Kiwanda cha China hushindana na viwanda jirani kwa senti. Bei inapopaa ghafla, hupaa mwishoni kabisa mwa safari, baina ya boksi zuri na rafu ya duka.

Aliyeionyesha dunia kwamba waya unaweza kuuzwa hivyo ni Noel Lee, mhandisi wa San Francisco aliyewahi kufanya kazi katika maabara ya Lawrence Livermore, na ambaye pia alikuwa mpiga ngoma katika bendi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wamarekani wengi waliunganisha spika zao kwa waya wa kawaida wa taa, tena mara nyingi mwembamba, na muuzaji wa spika aliweza kuwapa waya huo bure. Lee alilinganisha nyaya nyumbani kwake, akaridhika kwamba waya mnene unaleta sauti bora, akaanzisha kampuni ya Monster Cable. Hoja yake ya mwanzo ilikuwa na msingi: waya mwembamba mno hupoteza nguvu ya amplifaya njiani. Ubunifu wake mkubwa, hata hivyo, ulikuwa wa kibiashara. Alikipa jina, boksi na hadhi kitu kisichokuwa na jina, kisha akawafundisha wauzaji wa madukani namna ya kukizungumzia, na waliouza sana wakazawadiwa.

Wenye maduka walimpokea kwa furaha kwa sababu hesabu zao zilikuwa zinawabana. Televisheni ni bidhaa ambayo kila mtu anajua bei yake. Mteja huilinganisha duka hili na lile, siku hizi kwa simu akiwa palepale dukani, na muuzaji hulazimika kushusha bei mpaka faida inakuwa kiduchu. Bei ya haki ya kebo haijulikani kwa mtu yeyote. Hainunuliwi kila mwaka, haina mfano wa kuulinganisha nao, na mnunuzi ambaye ameshatoa fedha nyingi kwa televisheni haoni uzito wa kuongeza kidogo ili "asiharibu". Kwa hiyo duka la Marekani liliweza kuuza televisheni kubwa kwa faida ndogo sana, kisha likapata faida iliyo nono kutokana na kebo iliyoingia kwenye mfuko mmoja nayo. Biashara hiyo ilikua kiasi kwamba mwaka 2004 Monster ililipia haki ya kuuita uwanja wa Candlestick, nyumbani kwa timu ya San Francisco 49ers, jina la Monster Park, kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 6. Waya uliokuwa ukitolewa bure ulikuwa sasa umepata uwanja wa mpira.

Ushindani ulikuja kutoka upande ambao maduka hayo hayakuweza kuuzuia. Kampuni ya Monoprice, iliyoanzishwa California mwaka 2002, iliuza kebo za HDMI kwa dola chache kupitia intaneti, bila rafu wala muuzaji wa kubembeleza. Mwaka 2013 iliuzwa kwa dola milioni 180. Kati ya pande hizo mbili kulikuwa na wafanyabiashara ambao mimi binafsi nawaheshimu kuliko wote, kama Blue Jeans Cable ya Seattle, wanaokata kebo kwa urefu unaoutaka kutoka kwenye waya wa Belden, kiwanda kilichoanzishwa Chicago mwaka 1902, na kumweleza mnunuzi ni waya gani, unene wake ni kiasi gani, na unafaa kwa kazi ipi. Bei zao si za kutupa. Tofauti ni kwamba kila dola unayolipa unaweza kuonyeshwa ilikokwenda.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, je, masikio na macho yanapata chochote? Kwa waya wa spika jibu limekuwapo kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 1983 jarida la Marekani la Stereo Review lilichapisha jaribio la Laurence Greenhill, ambapo wasikilizaji walilinganisha nyaya bila kujua ni upi unaocheza. Waya mwembamba sana, wa geji 24, ulitambulika kwa mvumo wa majaribio, kwa kuwa ulipunguza kiwango cha sauti. Lakini kati ya waya wa Monster na waya wa kawaida wa geji 16, muziki ulipopigwa, hawakuweza kutofautisha kwa uhakika. Mwaka 2007 James Randi, mtu aliyetumia maisha yake kuchunguza madai ya miujiza, aliahidi dola milioni moja kwa yeyote ambaye angeweza kutambua kwa masikio tu tofauti ya waya wa spika wa Pear Anjou, uliouzwa dola 7,250, na waya wa kawaida. Yalifanyika mazungumzo, yakavunjika, na jaribio halikufanyika kamwe.

Fizikia yake ni nyepesi kiasi cha kuhesabika kwenye karatasi. Waya wa shaba wa 2.5, kwa spika iliyo mita 10 kutoka kwenye amplifaya, huzuia umeme kwa takribani omu 0.14 kwenda na kurudi. Spika nyingi za nyumbani ni za omu 8, kwa hiyo upotevu ni chini ya asilimia mbili, kiasi ambacho sikio haliwezi kukihisi. Ukitumia waya mwembamba wa 0.5, wa aina ile nyekundu na nyeusi inayouzwa kwa mita, upinzani unafika karibu omu 0.7, na hapo mafundi wana haki ya kukataa. Dawa yake ni unene tu. Wapo wanaouza nyaya za fedha kwa bei ya kuogofya, ilhali fedha huipita shaba kwa kupitisha umeme kwa asilimia sita hivi tu. Nyongeza ndogo ya unene wa shaba inatoa faida ileile.

Hapa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wengi hawaifikirii. Viwanda vyetu, kama East African Cables ya Nairobi na Africab ya Dar es Salaam, hutengeneza nyaya za umeme wa nyumba. Fundi yeyote wa mtaani anaijua 1.5 ya taa na 2.5 ya soketi. Waya laini wa shaba wa vipimo hivyo, uliotengenezwa kwa viwango, unapeleka muziki kwenye spika sawasawa na ule wenye jina la Kiitaliano kwenye boksi la hariri. Hauna urembo. Ukipita nyuma ya kabati, hakuna atakayeuona.

Kebo ya HDMI ni habari nyingine, na hapo ndipo wateja wengi wa leo wanapokamatwa. Kiwango hicho kilitolewa mwaka 2002 na kampuni saba, zikiwamo Sony, Panasonic, Philips na Toshiba. Kebo hiyo hubeba tarakimu. Ikifikisha tarakimu zote, picha ni kamili. Ikishindwa, utaona nukta zinazomeremeta kama cheche, picha inakatika, sauti inapotea, au kioo kinabaki cheusi. Haiwezi kufanya kijani kiwe kijani zaidi, wala kumng'arisha mchezaji uwanjani, wala kuipa sauti joto. Mtu akikuambia rangi zimekuwa "hai" baada ya kubadilisha kebo ya HDMI iliyokuwa ikifanya kazi vizuri, mheshimu, lakini usilipie maneno hayo. Macho yetu hutegemea sana kile tulichoambiwa tutakiona, na fedha iliyokwisha kutoka mfukoni huongeza nguvu ya matarajio hayo.

Mfano uliokwenda mbali kuliko yote ulikuwa wa kampuni ya Denon ya Japani, ambayo iliuza kebo ya mtandao ya mita moja na nusu, AKDL1, kwa dola 499. Ilikuwa na mishale ya kuonyesha upande ambao ishara inapaswa kuelekea. Kebo ya aina hiyo hupeleka na kupokea tarakimu pande zote mbili.

Kipimo cha kweli cha HDMI ni kasi. Chaneli ya HD kutoka kwenye king'amuzi, iwe ya 720p au 1080i, inahitaji takribani gigabiti 2.2 kwa sekunde kwenye kebo. Picha ya 1080p ya fremu 60 kwa sekunde inahitaji kama 4.5. Kebo yenye alama ya Premium High Speed, daraja lililoanza kuthibitishwa mwaka 2015, imepimwa kwa gigabiti 18 na inatosha kwa 4K ya fremu 60. Maana yake ni kwamba mtu anayetazama mpira kwa king'amuzi anatumia sehemu moja ya nane ya uwezo wa kebo hiyo. Daraja la Ultra High Speed, lililokuja na HDMI 2.1 ya mwaka 2017, linafika 48, na wenye sababu ya kulihitaji ni wachezaji wa michezo ya PlayStation 5 au Xbox Series X kwenye televisheni ya 4K yenye fremu 120. Tena PlayStation 5 huja na kebo inayofaa ndani ya boksi lake. Januari 2025 ilitangazwa HDMI 2.2 ya gigabiti 96, na nina hakika wauzaji wataitumia kuwatisha watu ambao televisheni zao haziwezi kuipokea hata robo yake.

Thibitisho la madaraja hayo mawili ni lebo kwenye boksi yenye msimbo wa kuskani kwa simu, kwa kutumia programu ya wenye kiwango cha HDMI. Maneno "8K" au "2.1" yaliyochapishwa kwenye plastiki ya kebo hayathibitishi kitu, kwa kuwa kila mwenye mashine ya kuchapisha anaweza kuyaweka. Nimeona, Kariakoo na katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi, kebo mbili zenye maandishi yaleyale, moja ikiuzwa kwa bei mara kadhaa ya nyenzake, na hakuna hata moja iliyokuwa na lebo ya kuskani. Katika hali hiyo nunua ya bei ndogo, ukubaliane na muuzaji kwamba utairudisha ikikataa. Waungwana wengi wa Kariakoo hukubali.

Hatari kubwa ya soko letu haiko kwenye kebo ghali peke yake. Iko kwenye waya unaojifanya shaba. Waya wa alumini uliopakwa shaba juu unaonekana mwekundu ukiutazama, na unauzwa kama shaba, ilhali alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi ya shaba. Kwa unene uleule, spika yako inapata waya mwembamba bila wewe kujua. Alumini hukatika pia ukiikunja mara nyingi, na kwenye viungo hufanya utando unaozuia umeme. Kwenye spika hasara ni ya sauti. Ukitumiwa kwenye umeme wa nyumba, hasara inaweza kuwa moto. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka kiini, alumini ni nyeupe ndani. Upime pia mkononi, kwa kuwa alumini ni nyepesi mno. Mashirika ya viwango, TBS kwa Tanzania na KEBS kwa Kenya, yana kazi kubwa bandarini na sokoni, lakini hakuna mkaguzi atakayekwangua kila roli inayoingia. Kisu chako ni sehemu ya ukaguzi.

Na dhahabu? Wengi huona plagi ya rangi ya dhahabu wakadhani dhahabu hupitisha umeme kuliko vyote. Shaba inaishinda. Sifa ya dhahabu ni kutoshika kutu, na kwa anayeishi Unguja, Mombasa, Lamu au Tanga, sifa hiyo si ndogo. Hewa ya chumvi hufanya ukungu wa kijani kwenye plagi za kawaida za sauti na za AV, zile za nyekundu, nyeupe na njano, na baada ya misimu michache sauti huanza kukwaruza. Hapo plagi ya dhahabu nyembamba ina kazi halali, na tofauti ya bei yake ni ndogo. Dodoma au Nairobi, usiihangaikie.

Ningependa fedha ya mnunuzi iende kwingine kwanza. Iende kwenye spika, kwa kuwa hapo ndipo tofauti ya sauti inasikika hata na mtoto. Iende kwenye kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu umeme unaopanda na kushuka umeua televisheni nyingi mitaani kwetu, na kebo ya dola 500 haizuii hata moja. Iende kwa fundi anayejua kupanga spika na kukaza viungo. Waya mzuri usiokazwa vizuri ni mbaya kuliko waya wa kawaida uliokazwa barabara, na mkazo huo ni kazi ya mkono na ujuzi.

Sisemi haya kuwadhalilisha wenye maduka. Nimeongea nao vya kutosha kujua kodi ya chumba Kariakoo inavyouma, na televisheni wanazouza zinavyowaachia faida ndogo. Duka lisipopata mahali pa kula litafungwa, na mteja atabaki na bidhaa isiyo na pa kurudisha. Ila ipo njia nyingine ya kupata hiyo faida. Duka linalokata waya kwa urefu wa chumba cha mteja, linafunga plagi, linakwenda kutundika televisheni ukutani na kuipanga, linauza kazi ambayo mteja anaiona kwa macho na kuilipia bila kinyongo. Mafundi wanaofanya hivyo wapo, na wateja wao huwarudia na kuwaleta ndugu zao. Biashara ya namna hiyo naitakia heri kwa moyo wote.

Kuna wateja wachache ambao kebo ghali inawahusu kweli, na karibu wote wana tatizo moja: umbali. Kebo ya shaba ya HDMI ya gigabiti 48 huanza kuchoka ikizidi mita 3 hivi, na ya gigabiti 18 ikizidi mita 5 au kidogo zaidi. Kanisa lenye projekta kwenye dari la nyuma na kompyuta madhabahuni, ukumbi wa harusi, chuo chenye ukumbi wa mihadhara, au banda la kuonyesha mpira ambalo king'amuzi kiko kwenye chumba cha mwenye banda, wote wanahitaji mita 15, 20 au 30. Hapo inafaa kebo yenye nyuzi za kioo, ambayo hugeuza ishara kuwa mwanga kwenye ncha moja na kuirudisha kuwa umeme kwenye ncha nyingine. Bei yake ni ya juu kwa sababu ina vifaa vya elektroniki ndani ya plagi zote mbili. Na tofauti na mishale ya Denon, mishale ya kebo hii ni ya kweli: ncha ya chanzo lazima ichomekwe kwenye chanzo, la sivyo haifanyi kazi kabisa. Kamati ya ujenzi ya kanisa iiandike kwenye bajeti tangu mwanzo, badala ya kuinunua siku ya uzinduzi kwa bei yoyote itakayotajwa. Fundi apitishe ndani ya ukuta paipu pana kiasi cha plagi kupenya, na kebo ijaribiwe ikiwa imelala sakafuni, projekta ikiwaka kwa saa nzima, kabla haijaingizwa humo.